Nyanya za Kwenye Ndoo Zinapougua: Anza na Maji na Mizizi Kabla ya Kununua Dawa

Mche wa nyanya ulio shambani ukikosa maji siku mbili hupeleka mizizi chini na pembeni kuyatafuta. Wa kwenye ndoo hauna pa kwenda. Unyevu, hewa ya mizizi, chumvi za mbolea na joto la plastiki iliyopigwa na jua vyote vimebanwa ndani ya lita 20 za udongo, na kosa dogo ambalo shamba lingelimeza huonekana kwenye ndoo kesho yake. Ndiyo sababu dalili nyingi zinazopelekwa duka la pembejeo kutoka kwenye baraza na mapaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hazitokani na ukungu wala wadudu. Zinatokana na maji, udongo au chombo chenyewe. Ukipewa dawa ya ukungu hapo, utakuwa umetoa fedha na kuweka sumu kwenye chakula chako bila kugusa tatizo.

Angalia kabla ya kugusa

Kagua asubuhi mapema, kabla ya saa mbili. Mchana wa jua kali hata mmea mzima hulegeza majani, na ukikagua wakati huo utaona ugonjwa usiokuwepo.

Jiulize kwanza kama ni mche mmoja au yote. Ndoo zote zikionyesha dalili ileile kwa wakati mmoja, shuku kitu zinachoshiriki: maji, mbolea, mchanganyiko wa udongo, jua. Mmoja ukinyauka katikati ya mingine mizima, hapo ndipo ugonjwa wa mizizi au wa shina unapostahili kufikiriwa.

Kisha angalia majani yaliyoathirika yako wapi. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu husafiri ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huziondoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, hivyo upungufu wake huanzia chini. Chuma na kalsiamu hazihami zikishatua, hivyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga, na kwa kalsiamu zaidi kwenye matunda. Ukikumbuka hilo moja utaepuka nusu ya makosa ya kuweka mbolea isiyohitajika.

Geuza majani matatu au manne uangalie chini yake, maana wadudu wengi wa nyanya hukaa upande huo. Mwisho, ingiza kidole kwenye udongo hadi sentimita 5, kitoe, ukinuse. Udongo mzuri hunuka kama ardhi baada ya mvua. Ukinuka uozo, mizizi haina hewa.

Maji: hapa ndipo penye mambo mengi

Mmea uliolowa kupita kiasi na ule wenye kiu hufanana kwa sura: majani yanalegea, ya chini yanageuka njano, maua yanapukutika. Mizizi iliyozama kwenye maji hukosa oksijeni, ikaoza, na mmea ukashindwa kunywa ingawa maji yamejaa. Mwenye bustani akiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo ndipo mche unapokufa. Kwa hiyo usimwagilie kwa kuangalia majani. Mwagilia kwa kuangalia udongo. Sentimita 5 za juu zikiwa kavu, mwagilia. Zikiwa na unyevu, subiri.

Jaribu ndoo yako hivi. Mimina lita 2 za maji polepole. Yaanze kutoka chini ndani ya dakika chache. Yakituama juu ya udongo zaidi ya dakika tano, kuna mawili: matundu hayatoshi au yameziba, au udongo umeshikamana. Ndoo ya lita 20 inahitaji matundu sita hadi manane yenye upana wa sentimita 1, na mengine mawili au matatu ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Msumari uliopashwa moto unatosha kutoboa. Inua ndoo juu ya vipande vya matofali, kwa sababu ndoo iliyokaa juu ya sakafu laini huziba matundu yake yenyewe.

Kokoto chini ya ndoo hazisaidii, ingawa wengi huziweka. Maji hayavuki kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeloa kabisa. Matokeo yake ni kwamba tabaka lenye maji mengi linasogea juu, karibu na mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo. Weka kipande cha wavu au gunia juu ya matundu ili udongo usitoke, kisha jaza udongo mtupu.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo hudanganya hata wazoefu. Udongo wenye samadi nyingi au makumbi ya nazi ukikauka sana hujikunja na kuachana na ukuta wa ndoo. Ukimwagilia, maji hupita pembeni na kutoka chini mara moja. Unaona yametiririka, unaridhika, kumbe katikati pamekauka. Inua ndoo: ikiwa nyepesi baada ya kumwagilia, ndiyo hali hiyo. Iweke ndani ya beseni lenye maji yanayofika theluthi ya kimo chake kwa dakika 30 hadi 45, kisha itoe ichuruzike. Bila beseni, mwagilia mara tatu kidogokidogo, ukipumzika dakika kumi kila mara.

Kiasi: mche mdogo hutosheka na nusu lita kwa siku. Wenye matunda, kwenye joto la Januari la pwani, hunywa lita 2 hadi 4, na siku za upepo juu ya paa unaweza kuhitaji asubuhi na jioni. Tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Ndoo nyeusi zivishe gunia au zipake rangi nyeupe, kwa sababu ukuta wake ukipigwa na jua la mchana huunguza mizizi iliyougusa. Dalili yake ni mmea unaonyauka mchana ilhali udongo una unyevu, kisha unasimama jioni.

Maji ya kisima chenye chumvi ni tatizo la peke yake pwani. Ncha na kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo hujitokeza ukoko mweupe. Mbolea ya chumvichumvi iliyozidi huleta sura hiyohiyo. Dawa ni kuosha udongo: mimina polepole maji matamu mara mbili ya ujazo wa chombo, yaani lita 40 kwa ndoo ya lita 20, na uache yatoke yote. Maji ya mvua ndiyo bora. Usiweke mbolea wiki moja baada ya hapo, kisha anza na nusu ya kipimo. Na usichanganye mchanga wa ufukweni kwenye udongo. Tumia wa mtoni au wa kujengea uliooshwa.

Chombo na udongo

Aina fupi kama Cal J, Tanya na Rio Grande huvumilia chombo cha lita 12 hadi 15. Ndefu kama Money Maker zinahitaji lita 20 au zaidi. Mche mmoja kwa ndoo. Mingi ya miche “dhaifu” ni miche mitatu iliyobanwa pamoja, na hakuna mbolea itakayoiponya; kata miwili kwa mkasi na umwachie mmoja nafasi, bila kung'oa, maana mizizi imeshashikana.

Mchanganyiko unaofaa ni ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga. Samadi iliyooza haina joto ukiishika wala harufu ya choo. Ile ya kuku ikiwekwa mbichi huunguza mizizi na kugeuza kingo za majani kahawia ndani ya siku chache. Iache ioze miezi mitatu. Mfuko wa saruji ukitumika kama chombo, uoshe mpaka maji yatoke safi, kwa sababu mabaki ya saruji hupandisha ukali wa chokaa kwenye udongo na kuufungia chuma. Ndoo iliyobeba viuatilifu isitumike kabisa, hata ikioshwa.

Nyanya inataka jua la moja kwa moja saa sita hadi nane. Mche mrefu, mwembamba, wenye majani yaliyoachana sana na maua machache, kwenye baraza lililokingwa na ghorofa, unalilia mwanga. Uhamishe.

Rangi ya majani

Njano iliyosambaa sawasawa kwenye majani ya chini, na mmea mzima umepauka: naitrojeni imeisha. Kwenye ndoo huisha haraka kwa sababu kila umwagiliaji huiosha. Weka CAN (mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni), kifuniko kimoja cha soda kwa mche, karibu gramu 5, ukiisambaza kwa duara sentimita 10 kutoka kwenye shina kisha umwagilie. Rudia kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Usiweke kwenye udongo mkavu.

Njano katikati ya mishipa ya majani ya chini huku mishipa yenyewe ikibaki kijani: magnesiamu. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom kwenye lita 4 za maji, nyunyizia majani jioni, rudia baada ya wiki mbili.

Muundo huohuo ukiwa kwenye majani machanga ya juu, ni chuma. Mara nyingi kipo kwenye udongo lakini kimefungwa na maji yaliyotuama au chokaa na majivu mengi. Rekebisha hayo kwanza.

Kingo za majani ya chini zilizoungua na matunda yanayoiva kwa mabaka huashiria potasiamu. Mbolea ya NPK 17:17:17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kifuniko kimoja cha soda, itasaidia. Majivu ya kuni pia, lakini kiganja kimoja tu kwa ndoo kwa msimu. Zambarau chini ya majani ya miche michanga huonekana sana nyanda za baridi kama Njombe na Limuru: fosforasi haifyonzwi vizuri udongo ukiwa baridi. Joto likirudi, rangi hupotea.

Majani ya chini yanayojikunja kwa juu kama bomba, manene, lakini ya kijani na bila madoa, si ugonjwa. Ni mmea unaopunguza upotevu wa maji baada ya joto au kupogolewa sana. Uache.

Mnyauko usiopona

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, udongo una unyevu, na asubuhi yake haujasimama, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 10 karibu na udongo. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji, bila kutikisa. Ndani ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Hauna tiba. Toa mche na udongo wake wote, usiumimine karibu na ndoo nyingine, na usipande humo nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Loweka ndoo dakika 30 kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, na usafishe kisu kilichotumika.

Uzi usipotoka, chana shina kwa urefu. Rangi ya kahawia ndani, huku majani ya chini yakiwa yalianza njano upande mmoja, ni mnyauko fusari. Nao hauna dawa ya kuokoa mche uliokwisha shikwa.

Mnyauko wa polepole wa mchana, mche uliodumaa, na ukiung'oa unakuta mizizi ina vinundu visivyobanduka: minyoo fundo. Iliingia na udongo. Kwa msimu ujao Tengeru 97 ni chaguo zuri, kwani ilizalishwa ikiwa na ukinzani dhidi ya minyoo hiyo na mnyauko fusari.

Madoa

Doa la kahawia lenye mizunguko ndani ya mizunguko, kuanzia majani ya chini, ni bakajani tangulia. Kata majani yote yaliyo chini ya sentimita 25 kutoka kwenye udongo, tandaza nyasi ili matone yasirushe udongo juu, na mwagilia shinani, kamwe si juu ya majani. Kwenye ndoo chache, hatua hizo zikifanywa mapema mara nyingi zinatosha bila dawa.

Bakajani chelewa ni jambo la haraka zaidi. Mabaka makubwa ya kijani iliyokolea, kama yaliyomwagiwa maji ya moto, yenye ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, hutokea wakati wa mvua na baridi, na huweza kumaliza mche ndani ya wiki. Hapa usisite. Toa sehemu zilizoshikwa uzichome au uzizike, sogeza ndoo chini ya paa linaloruhusu mwanga, na kinga miche iliyobaki kwa dawa ya ukungu ya mankozebu au yenye kopa (shaba). Kipimo cha kawaida cha mankozebu ni gramu 40 hadi 50 kwa lita 20, yaani gramu 2 hadi 2.5 kwa lita moja, lakini lebo ya pakiti ndiyo inayotawala, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa hizi hukinga. Haziponyi jani lililokwisha shikwa. Faida ya ndoo ni kwamba inahamishika, na kuziondoa kwenye mvua hufanya kazi kuliko dawa.

Wadudu

Kantangaze, nondo mdogo aliyeonekana Tanzania na Kenya mwaka 2014, huanza kwa kutengeneza mabaka mapana yanayoangaza kwenye jani, ndani yake mkiwa na kinyesi cheusi na kiwavi mdogo. Baadaye hutoboa tunda karibu na kikonyo. Kagua kila baada ya siku mbili, ponda kiwavi ndani ya jani kwa vidole au kata jani ulifunge kwenye mfuko wa plastiki ulioachwa juani. Usilitupe chini, maana kiwavi hutoka na kuwa pupa kwenye udongo, hatua ya kabla ya kuwa nondo. Kwa ndoo chache, chandarua chenye matundu madogo kilichofunika tangu kupanda ndiyo kinga bora kuliko zote. Tikisa maua kwa mkono kwa kuwa upepo ndani ni mdogo.

Nzi weupe wakiruka kama vumbi unapogusa mmea, hofu si utomvu wanaonyonya bali rasta, ugonjwa wa virusi wanaoueneza: majani machanga yanakuwa madogo, yanajikunja juu, kingo zinageuka njano, mmea unadumaa na kupukutisha maua. Virusi havitibiki. Funika mche mzima kwa mfuko kabla ya kuung'oa ili nzi wasihamie kwa jirani. Kwa miche iliyobaki, ning'iniza vibao vya njano vilivyopakwa grisi na nyunyizia mwarobaini: ponda gramu 50 za kokwa kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo, nyunyiza chini ya majani jioni, kila siku tano hadi saba.

Utitiri mwekundu hupenda kiangazi. Jani huwa na vidoti vidogo vya njano, kisha rangi ya shaba, na mwishowe utando. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vikitembea, ndio wao. Wapige kwa maji ya nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo, kisha sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Dawa ya kawaida ya kuua wadudu mara nyingi huwaongeza, kwa sababu huua wanaowala. Vidukari huondoka kwa njia hiyohiyo.

Maua na matunda

Maua yakipukutika kwenye mmea wenye afya, fikiria joto. Mchana unaozidi nyuzi 32 na usiku usiopungua nyuzi 22 hudhoofisha chavua. Pwani hali hiyo ni ya kawaida Januari hadi Machi. Weka kivuli chepesi kuanzia saa sita mchana, na gonga vishada vya maua kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ikiwa majani ni mengi, ya kijani kilichokolea na maua hayapo, umezidisha naitrojeni; acha CAN mpaka matunda yashike.

Kitako cheusi, kikavu na kilichobonyea ni malalamiko makubwa ya nyanya za ndoo. Si ukungu. Ni kalsiamu isiyofika kwenye tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo ila maji hayakuwa ya kudumu. Kalsiamu husafiri na maji. Udongo ukikauka siku moja na kulowa siku inayofuata, tunda changa hukosa. Rio Grande na aina nyingine zenye matunda marefu ya umbo la yai hushikwa zaidi. Toa matunda yaliyoharibika, kwani hayatapona, na sawazisha umwagiliaji: hilo peke yake huokoa kishada kinachofuata. Punguza urea na usiweke maganda ya mayai ukitegemea matokeo msimu huu, maana huoza polepole mno. Kama udongo ni maskini kweli, tumia mbolea ya kalsiamu naitreti gramu 5 kwenye lita 5 za maji, lita moja kwa mche, mara moja kwa wiki, na uache CAN kipindi hicho. Wakati wa kupanda tena, changanya vijiko viwili vya chakula vya chokaa ya kilimo kwa ndoo. Chokaa ya kupakia ukuta ni kali, iache.

Matunda yanayopasuka yalipata maji mengi baada ya ukame. Mabaka meupe makavu upande wa jua ni kuungua, kwa kawaida baada ya kupogoa majani mengi. Yanayobaki rangi ya chungwa bila kuwa mekundu yameiva kwenye joto linalozidi nyuzi 30. Yachume yanapoanza kubadilika rangi na uyaivishie ndani, mahali pa kivuli.

Udongo wa msimu uliopita

Kabla ya kuutumia tena, kung'uta mizizi yote na uiangalie. Ikiwa ina vinundu, au mche ulikufa kwa mnyauko fusari, usiupe nyanya mpaka uwe umeanikwa. Lowesha udongo, ujaze kwenye mfuko wa plastiki angavu kwa unene usiozidi sentimita 20, ufunge, uulaze juani wiki nne hadi sita za kiangazi, ukiugeuza mara moja katikati. Nailoni nyeusi haifanyi kazi sawa. Jua lazima lipenye. Ukishatoka, ongeza theluthi moja ya samadi iliyooza, uache wiki moja, ndipo upande.